Kuacha Ngano ni Nusu ya Kazi: Kuishi na Ugonjwa wa Siliaki Mtwara na Lindi

Kwa miaka mitatu binti yangu alipewa vidonge vya kuongeza damu, akanywa dawa za minyoo, akapimwa kichocho na malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila tulipodhani amepona wekundu wa damu ulishuka tena. Hakuna aliyekosea kuanza na hayo. Katika ukanda wetu wa kusini, safura, kichocho na malaria ndivyo vitu vya kwanza ambavyo daktari mwenye busara atavitafuta kwa mtoto aliyepauka, mwenye tumbo lililojaa na miguu myembamba. Hata hivyo, damu inaposhuka tena na tena ilhali minyoo imekwisha, malaria haionekani na mtoto anakula vizuri, inafaa kuuliza swali jingine: chakula anachokula kinafyonzwa, au kinapita tu? Kwetu jibu lilikuwa siliaki. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia za Mtwara na Lindi ambazo zimekwisha kupewa jibu hilo, au zinaanza kulishuku.

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo kwa kawaida umejaa vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza virutubisho, na kwa mgonjwa vinyweleo hivyo husinyaa hadi ukuta ukawa kama zulia lililochakaa. Si mzio wa kuwasha na kupoa, wala si sumu ya chakula. Ni hali ya kudumu ambayo mtu huzaliwa na uwezekano wa kuipata kutokana na vinasaba, hasa vile vinavyoitwa HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kuwa ngano ndiyo inayowaumiza wagonjwa hawa, na tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo iliyoweka msingi wa tiba inayotumika mpaka leo, ambayo ni kuacha kabisa nafaka hizo tatu.

Utasikia watu wakisema kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kauli hiyo imewachelewesha wagonjwa wengi, na si kweli. Mwaka 1999 ilitangazwa kuwa miongoni mwa watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, asilimia 5.6 walikuwa na siliaki, kiwango kikubwa kuliko kinachojulikana Ulaya, ambako huwa ni takribani mtu 1 kati ya 100.

Dalili inayotajwa sana ni kuhara, lakini wagonjwa wengi hawahari. Wapo wanaokuja na uchovu usioisha, vidonda vya mdomoni vinavyorudi, mifupa inayouma, ganzi ya miguu, mimba zinazoharibika, mtoto aliyedumaa au msichana anayechelewa kuvunja ungo. Wapo pia wanaotokwa na vipele vya malengelenge vinavyowasha vikali kwenye viwiko, magoti na makalio, ambavyo kwetu huchukuliwa kuwa upele wa kawaida na kupakwa dawa bila mafanikio. Vipele hivyo vina dawa yake iitwayo dapsoni, lakini mgonjwa asipewe kabla ya kupimwa upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo yenye malaria, kwa sababu kwa mtu wa namna hiyo dapsoni huweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Pima kwanza, acha ngano baadaye

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha ngano kwa kushuku tu, kisha kwenda kupima. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, ziitwazo tTG-IgA, na kinafaa kifanywe pamoja na kipimo cha kiwango cha jumla cha IgA, aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitegemea, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wa siliaki hawatengenezi IgA ya kutosha na kipimo chao kikitazamwa peke yake hudanganya. Kingamwili hizo huwepo pale tu mtu anapokula gluteni. Ukiiacha, hupungua, na kipimo hutoa jibu la kwamba huna kitu.

Kwetu tatizo hili lina sura ya pekee. Mtu wa Newala au Ruangwa anayekula ugali wa muhogo mchana na usiku, akaonja chapati siku ya Ijumaa au Jumapili tu, huenda hali gluteni ya kutosha kuonyesha ugonjwa kwenye kipimo hata kama anao. Mweleze daktari wazi unakula ngano mara ngapi kwa wiki. Anaweza kukuelekeza ule mkate, chapati au maandazi katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki sita, ndipo mpime. Ni kipindi kigumu, hasa kwa mzazi anayemwona mtoto akiumwa tumbo, lakini bila hicho utaishi miaka na shaka.

Kwa mtu mzima, uthibitisho hutokana na kuingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba na kuchukua vipande vidogo vya nyama vya kupimwa kwenye hadubini. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi, uulize ni vipimo vipi vinafanyika hapo na vipi vinahitaji sampuli au mgonjwa kupelekwa mbele. Usikubali kuambiwa una siliaki kwa kutazamwa machoni tu, kwa sababu unakwenda kubadilisha maisha yako yote.

Ngano inapojificha

Ukitazama jiko la kusini, utaona kwamba chakula chetu cha asili karibu chote ni salama. Muhogo, mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ming'oko, magimbi, viazi vitamu, ndizi, mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, korosho, ufuta, nazi, samaki, pweza, mayai, nyama, kisamvu, mlenda na matembele havina gluteni. Mgonjwa wa Ulaya analazimika kununua mkate maalumu wa bei kubwa. Sisi tunahitaji tu kurudi kwenye vyakula vya bibi zetu. Hatari iko katika yale yaliyochanganywa.

La kwanza ni uji wa lishe. Unga huu, ambao kila mama huambiwa ampe mtoto aliyedhoofu, mara nyingi huwa na ngano miongoni mwa nafaka zake, na kwa hiyo mtoto wa siliaki hulishwa kinachomdhoofisha kwa nia ya kumnenepesha. Binti yangu alikunywa uji huo asubuhi na jioni kwa karibu mwaka mzima, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Tengeneza unga wako mwenyewe kwa mchele, ulezi au mtama, pamoja na karanga au korosho na ufuta kidogo, ukichambua kwa makini karanga zilizosinyaa au zenye ukungu kwa sababu ya sumu kuvu.

Kisha kuna mashine ya kusaga. Mtu aliyetangulia akisaga lishe yenye ngano, unga wake hubaki kwenye mashine na kuingia katika wako. Zungumza na mwenye mashine akupangie asubuhi, kabla ya wengine na baada ya kusafisha, na hata hapo kilo ya kwanza inayotoka ni bora wapewe kuku. Kwa kiasi kidogo kinu na mchi vya nyumbani ni salama zaidi, mradi havijawahi kutwangiwa ngano.

Mafuta ya kukaangia ni mtego mwingine. Mihogo ya kukaanga, chipsi na samaki havina ngano, lakini vikikaangwa katika karai lililotoka kukaanga maandazi au sambusa vinabeba gluteni. Nimejifunza kuuliza bila kuona haya. Humwambia mama wa mgahawani, "Shikamoo mama, samahani, mafuta haya yamekaanga maandazi leo?" Akisema ndiyo, humwomba samaki wa kuchoma au wa nazi, na mpaka sasa sijakutana na aliyekasirika. Uliza pia kuhusu vitumbua, ambavyo asili yake ni mchele lakini wapishi wengi huongeza ngano ili vishikane; kuhusu bajia, ambazo zinafaa kuwa za kunde au dengu tupu; na kuhusu katlesi, kebabu na mchuzi uliofanywa mzito kwa unga. Bia ya kawaida hutengenezwa kwa shayiri, na vivyo hivyo vinywaji vya unga vya kopo vyenye malti, yaani shayiri iliyooteshwa. Sosi ya soya kwa kawaida ina ngano. Kwa bidhaa za pakiti, mwombe mtu anayejua Kiingereza akuandikie kwenye karatasi majina ya ngano, shayiri, rai na malti, uikunje ndani ya pochi, na usinunue kitu ambacho maandishi yake huwezi kuyasoma. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Ni kiasi kidogo mno, na ndiyo maana makombo ya chapati yaliyobaki kwenye sinia yanahesabika.

Nyumbani si lazima familia nzima iache ngano, ingawa kwetu tuliona ni rahisi zaidi kupika chakula kimoja. Sufuria za chuma na sahani zikioshwa vizuri kwa sabuni hazina tatizo. Vitu vya mbao na vyenye matundu, yaani mwiko, ubao wa kusukumia, chekecheke na ungo, viwe viwili, na vya mgonjwa vifungwe kitambaa cha rangi ili hata mgeni ajue.

Kwa hamu ya kitu laini cha asubuhi, vitumbua vya mchele mtupu vinatosha. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, usage na kikombe kimoja na nusu cha tui zito hadi ulainike kabisa, utie hamira kijiko kimoja cha chai, sukari na iliki, kisha uache uumuke kwa saa moja au zaidi kabla ya kukaanga. Kinachofanya vikatike ni mchele usiosagika vizuri, wala si kukosekana kwa ngano.

Shughuli za jamii zinahitaji ujasiri wa aina nyingine. Kwenye harusi, unyago na misiba, kula kwanza nyumbani au nenda na chakula chako, ukimweleza mapema shangazi au mama mkubwa anayesimamia jiko, kwa sababu akishajua yeye hakuna atakayekulazimisha. Wakati wa futari, muhogo wa nazi, magimbi, ndizi na viazi ni vyako. Tambi na kaimati waachie wengine, na upakue kabla vijiko havijachanganywa. Kwa Wakatoliki, hostia ni ya ngano. Kanisa linakubali hostia yenye gluteni kidogo sana, na linaruhusu pia mgonjwa kupokea divai peke yake, basi zungumza na paroko, na uombe kikombe ambacho hostia haijachovywa.

Muhogo uwe salama

Mtu aliyeacha ngano kusini ataegemea muhogo, na hapa ninaomba msomaji anisikilize kwa makini. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sianidi, na usipoandaliwa vizuri, tena kwa mtu asiyepata protini ya kutosha, unaweza kuleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Hili si jambo la kusimuliwa kutoka mbali: mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa wa konzo waliripotiwa katika mkoa wa Mtwara. Mgonjwa wa siliaki ambaye utumbo wake haujapona hafyonzi protini vizuri, kwa hiyo ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi ya jirani yake.

Muhogo mchungu uumenye, uuloweke kwenye maji kwa siku tatu hadi nne mpaka ulainike, ndipo uanike hadi makopa yakauke kabisa. Kuukata na kuuanika moja kwa moja juani bila kuuloweka hakutoshi, ingawa ndivyo wengi hufanya njaa inapobana. Kama umenunua unga usioujua ulivyoandaliwa, changanya unga huo na maji hadi ulowane wote, uutandaze kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano ili sianidi itoke hewani, kisha upike ugali siku hiyohiyo. Na ugali wa muhogo usiliwe na mlenda mtupu; uwe na samaki, dagaa, maharage, kunde au yai, kwa sababu protini ndiyo inayousaidia mwili kuondoa mabaki ya sumu hiyo.

Kurudisha kilichopotea

Wengi hudhani kuwa ngano ikishaondoka kazi imekwisha. Kwa kweli ni nusu tu, kwa sababu mwili umekuwa ukipoteza kwa miaka na akiba imekauka. Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana: kwa kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani nchini Tanzania huongezwa madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Aliyeacha ngano na kuhamia muhogo na mahindi ya kusaga mtaani ameacha pia virutubisho hivyo, na ni lazima avitafute kwingine.

Omba upimwe wekundu wa damu, akiba ya madini ya chuma, foliki, vitamini B12, na pale inapowezekana vitamini D, kalsiamu na zinki. Chuma, foliki na kalsiamu hufyonzwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, sehemu ileile ambayo siliaki huiharibu kwanza, na ndiyo maana upungufu wa damu huja mapema na haukubali vidonge mpaka ngano iondoke. Mtoto mwenye sikoseli, au ambaye hajapimwa sikoseli, asianzishiwe vidonge vya chuma kwa kubahatisha, kwa kuwa aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kuwa na chuma kingi kupita kiasi.

Vidonge vya chuma vimezwe na maji ya limau, chungwa au juisi ya mabibo, ambayo ina vitamini C nyingi kuliko chungwa na ambayo msimu wa korosho huoza chini ya miti yetu kana kwamba haina thamani. Chai na kahawa zisiguswe saa moja kabla na saa mbili baada yake, maana huzuia chuma kuingia, na vidonge vya kalsiamu vimezwe saa tofauti kwa sababu hiyohiyo. Chuma cha chakula kinachofyonzwa vizuri ni cha maini, nyama na samaki. Cha kunde, mbaazi na kisamvu huingia kidogo, lakini huongezeka mboga hizo zikikamuliwa ndimu au zikiliwa pamoja na samaki.

Foliki utaipata katika kunde, mbaazi, choroko, mchicha na maini. Usimeze foliki asidi kwa muda mrefu kabla ya kujua kiwango chako cha B12, kwa sababu foliki inaweza kurekebisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu mishipa ya fahamu kimyakimya, na ganzi ya miguu ikikaa muda mrefu huenda isirudi nyuma. B12 haimo katika mimea. Hapa pwani tuna bahati ya pweza, dagaa na samaki, ambao wana B12 nyingi, lakini aliye na upungufu mkubwa huhitaji sindano kwanza.

Kwa mifupa, dagaa wanaoliwa na miiba yao na ufuta usiokobolewa ni chanzo kizuri cha kalsiamu. Maziwa yasiyogandishwa huweza kumharisha mgonjwa katika miezi ya mwanzo, kwa sababu utumbo ulioumia hushindwa kuvunja sukari ya maziwa. Mtindi huvumilika zaidi, na utumbo ukipona maziwa hurudi. Jua la kusini hutengeneza vitamini D ngozini, ila anayeshinda ndani au anayejifunika mwili wote azungumze na daktari kuhusu kipimo na nyongeza. Zinki imo katika nyama, chaza, pweza, korosho na ufuta. Vitamini A hutoka kwenye embe, papai, boga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na huhitaji mafuta ili ifyonzwe, hivyo tui la nazi lina kazi zaidi ya ladha. Kabla ya kununua kopo lolote la vitamini, mwulize mfamasia kama vidonge vyake vina wanga wa ngano.

Rudi kupimwa baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka. Uchovu kwa kawaida hupungua ndani ya wiki au miezi michache, kingamwili hushuka polepole, lakini ukuta wa utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona. Damu ikigoma kupanda ilhali umeacha ngano, chunguza kwanza unga, mafuta na uji, kisha umrudie daktari akutafutie tena minyoo na kichocho, kwa sababu kuwa na siliaki hakumkingi mtu na safura. Wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa nao wapimwe hata kama hawaumwi, maana takribani 1 kati ya 10 huwa nao. Kwetu alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akicheza mpira kila jioni na ambaye hakuna aliyemdhania.

Mkisafiri kwa basi kwenda kliniki Dar es Salaam, msitegemee chakula cha njiani. Sisi huchemsha ming'oko na mayai usiku wa kuamkia safari, tukafunga korosho na ndizi, na kwenye mfuko huohuo, ndani ya plastiki isiyopitisha maji, tukatia daftari la majibu yote ya vipimo tangu mwaka wa kwanza, likiwa na tarehe, ili daktari mpya asianze upya na dawa za minyoo.